Kuuza Mtandaoni: Faida Huamuliwa Njiani

Mkazi wa Kaunti ya Kwale anayeuza sabuni za mwani, mafuta ya nazi, leso au vikapu vya ukili halazimiki tena kungoja mnunuzi apite mlangoni pake. Picha moja kwenye WhatsApp, Facebook au TikTok humfikia mteja aliye Nairobi, Kisumu au Eldoret siku hiyo hiyo, na malipo huingia kwa simu. Kutangaza kumekuwa rahisi. Kazi iliyobaki ngumu ni ile inayoanza baada ya mteja kusema "nataka": kutayarisha bidhaa, kuifunga, kuitoa Ukunda, Msambweni au Kinango, na kuifikisha mikononi mwa mtu ambaye muuzaji hajawahi kumwona.

Katika hatua hiyo ndipo mtaji mdogo unapoweza kuisha bila mwenyewe kutambua. Oda zinakuja, simu hailali, lakini mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki. Mara nyingi kasoro haiko kwenye bidhaa wala kwa wateja. Gharama ya kufikisha mzigo haikuhesabiwa kabla ya kupanga bei, na hakukuwa na mpango wa mizigo inayorudi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuhesabu gharama hizo, kuchagua njia ya kutuma, kufunga mizigo, kutunza hesabu za stoo na kutimiza sheria.

HESABU YA KIFURUSHI KIMOJA

Chukua mfano wa muuzaji wa Ukunda anayetuma Nairobi kifurushi cha sabuni na mafuta ya nazi kwa bei ya Sh2,400, nauli ikiwa ndani ya bei hiyo. Viwango vilivyo hapa ni vya mfano tu. Kila muuzaji aweke vyake.

Bidhaa zenyewe zimemgharimu Sh1,500. Katoni, selotepu na lebo ni Sh80. Bodaboda wa kupeleka mzigo kwenye afisi ya basi ni Sh100, na nauli ya mzigo hadi Nairobi ni Sh300. Gharama ya kutuma pekee ni Sh480. Ukitoa Sh1,500 na Sh480 kutoka Sh2,400, faida ni Sh420.

Sasa mteja asipofika kuuchukua mzigo na kuulipia, Sh480 za kutuma zimeshatumika. Mzigo ukirudishwa, nauli ya kurudi ni Sh300 nyingine na bodaboda Sh100. Hasara ni Sh880, hata kama bidhaa zimerudi zikiwa nzima. Hiyo ni zaidi ya faida ya vifurushi viwili vilivyofika salama.

Kwa vifurushi 10, tofauti huonekana wazi. Vyote 10 vikichukuliwa, faida ni Sh4,200. Kimoja kikirudi, faida ya tisa ni Sh3,780. Ukitoa hasara ya Sh880 hubaki Sh2,900. Vitatu vikirudi, faida ya saba ni Sh2,940 na hasara ni Sh2,640. Kinachobaki ni Sh300 kwa kazi yote ya vifurushi 10. Kikirudi cha nne, muuzaji ameingia hasara, ilhali ameuza sita na wateja wake sita wamefurahi.

Hesabu hii inaonyesha kwamba muuzaji wa mtandaoni anaweza kuongeza kipato chake bila kuongeza hata oda moja, iwapo atapunguza idadi ya mizigo inayorudi. Kabla ya kutumia pesa kwa matangazo zaidi, inafaa ahesabu kwanza: kati ya mizigo 10 ya mwisho, mingapi ilifika na kulipiwa?

KWA NINI MIZIGO HURUDI

Sababu za mizigo kurudi hujirudia, na nyingi zinaweza kuzuiwa kabla mzigo haujatoka nyumbani.

Sababu ya kwanza ni mteja kubadili nia. Aliyeagiza bila kulipa chochote hana cha kupoteza. Dawa yake ni amana ndogo inayolingana na nauli. Katika mfano wetu, muuzaji akiomba Sh500 mbele na mteja akalipa Sh1,900 zilizobaki mzigo ukifika, kila mzigo unaorudi kwa sababu ya mteja utamtia hasara ya Sh380 badala ya Sh880. Hata vitatu vikirudi kati ya 10, hubaki Sh1,800. Zaidi ya hayo, aliyeweka amana huwa na sababu ya kwenda kuchukua mzigo wake. Masharti ya amana yaandikwe wazi kabla ya mteja kulipa, yakieleza ni lini haitarudishwa. Iwapo kosa ni la muuzaji, mteja arudishiwe amana yote.

Sababu ya pili ni maelekezo yasiyotosha. Sehemu nyingi nchini hazina nambari za nyumba, na "Kawangware, karibu na stendi" haitoshi. Kila oda iwe na jina la mteja, nambari mbili za simu, mtaa, jengo au alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa au duka, na ikiwezekana ramani ya mahali inayotumwa kwa WhatsApp. Nambari ya pili ya simu ni muhimu sana, kwa sababu msafirishaji asiyempata mteja kwa simu hawezi kungoja.

Sababu ya tatu ni kukawia. Mteja aliyeahidiwa mzigo Jumatano akaupata Jumatatu huenda amekwisha kununua kwingine. Ni bora kuahidi siku nne na kufikisha kwa siku tatu. Muuzaji aweke saa maalumu ya kufunga oda, kwa mfano oda zilizothibitishwa kabla ya saa sita mchana ziondoke jioni hiyo, na zinazofuata ziondoke kesho yake. Saa hiyo ikijulikana na wote, maswali ya "umetuma?" hupungua.

Sababu ya nne ni bidhaa kutofanana na picha. Rangi, kipimo na uzito viandikwe. Kikapu kinachoonekana kikubwa kwenye picha kinaweza kuwa cha sentimita 20. Kuweka vipimo kunaweza kumpunguzia muuzaji oda chache, lakini kutampunguzia mizigo mingi inayorudi.

KUCHAGUA NJIA YA KUTUMA

Hakuna njia moja inayofaa kila mzigo. Ndani ya Ukunda na Diani, bodaboda hutosha. Muuzaji achague waendeshaji wawili au watatu anaowajua, wenye leseni na bima, na wapatane bei ya kila eneo mapema badala ya kupatana upya kila oda. Mwendeshaji apewe karatasi yenye jina la mteja, kiasi cha kupokea na nambari ya oda, kisha arudishe jibu siku hiyo hiyo.

Kwa miji ya mbali, afisi za mizigo za mabasi hutumiwa sana kwa sababu mabasi husafiri kila siku. Muuzaji aulize mambo manne kabla ya kulipa: kama basi linaanzia Ukunda au mzigo utahamishiwa gari jingine Mombasa, afisi ya kupokelea iko mtaa gani, mzigo hukaa siku ngapi kabla ya kuanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa, na kampuni hulipa kiasi gani mzigo ukipotea. Risiti ipigwe picha na kutumwa kwa mteja mara moja.

Kampuni za vifurushi huenda zikatoza zaidi, lakini nyingi hufikisha mlangoni na humwezesha mteja kufuatilia mzigo kwa nambari maalumu. Nchini Kenya, wanaotoa huduma za posta na vifurushi hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Muuzaji ana haki ya kuuliza kama kampuni ina leseni kabla ya kuikabidhi mali yake. Shirika la Posta nalo hutuma vifurushi, ikiwemo huduma ya haraka ya EMS, na hufaa hasa kwa wateja walio karibu na afisi za posta katika miji midogo.

Mahali muuzaji alipo pia huamua njia. Aliye Ukunda, Msambweni au Matuga hutegemea kivuko cha Likoni kuingia kisiwani Mombasa, na foleni ya feri inaweza kumfanya akose basi la jioni. Kwa mizigo inayoelekea Nairobi kwa gari, barabara ya Dongo Kundu huunganisha upande wa kusini na Miritini bila kupitia feri. Aliye Samburu, Taru au Mackinnon Road yuko tayari kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Hana haja ya kuurudisha mzigo nyuma hadi Mombasa iwapo gari la Nairobi linaweza kuuchukua hapo hapo.

BOKSI KUBWA HULIPIWA HATA LIKIWA JEPESI

Wanaotuma vikapu, kofia, mapambo na vitu vingine vyepesi hushangaa wanapotozwa kana kwamba wametuma mzigo mzito. Hiyo ni kwa sababu kampuni nyingi za vifurushi, na hasa mizigo ya ndege, huhesabu nafasi ambayo boksi linachukua. Njia inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo. Kampuni hulinganisha kilo hizo na zile za mizani, halafu hutoza kwa hesabu iliyo kubwa zaidi.

Boksi la vikapu lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40 linatoa 96,000. Ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 19.2. Hata kama mizani inasoma kilo 4, muuzaji anaweza kutozwa kilo 19.2. Lakini vikapu vikishonwa kwa vipimo vinavyopishana ili kidogo kiingie ndani ya kikubwa, mzigo huo huo unaweza kuingia katika boksi la 40 kwa 40 kwa 25. Hapo jibu ni 40,000 gawanya kwa 5,000, yaani kilo 8.

Kwa hiyo kipimo cha boksi kifikiriwe hata kabla ya kushona. Kikundi kinachojua boksi lake kinaweza kupanga vipimo vya vikapu vyake kulingana nalo. Kwa kuwa baadhi ya kampuni hutumia kigawanyo tofauti, ni vyema kuuliza kwanza.

KUFUNGA KWA AJILI YA SAFARI

Mzigo unaosafiri usiku kucha kwenye sehemu ya chini ya basi hubanwa, hugeuzwa na hupata joto. Jaribio rahisi ni kulifunga boksi, kulitikisa na kuliangusha kutoka kimo cha kiuno. Kitu kikisikika kikicheza ndani, bado halijafungwa vizuri. Magazeti yaliyokunjwa, vipande vya katoni au makapi makavu ya nazi huziba nafasi bila gharama kubwa. Ikumbukwe kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, hivyo muuzaji atumie mifuko ya karatasi, ya kitambaa au katoni.

Vitu vya majimaji vifungwe mara mbili. Kifuniko kikazwe, kizungushiwe selotepu, na chupa isimame wima ndani ya boksi lenye alama ya mshale unaoonyesha juu.

Mafuta ya nazi yanahitaji uangalifu wa pekee. Huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukunda, mafuta hayo huwa maji karibu mwaka mzima, lakini yakifika Nairobi, Limuru au Nyahururu katika miezi ya baridi huganda na kuwa meupe. Mteja asiyejua hudhani yameharibika au yamechanganywa na kitu kingine, naye huyarudisha. Tena, yakiwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba hawezi kuyatoa. Tiba ni mbili na zote ni nafuu: kuyaweka katika mkebe wenye mdomo mpana, na kuandika kwenye lebo kwamba kuganda ni kawaida na kwamba kuuweka mkebe kwenye maji ya uvuguvugu hurudisha hali yake.

Kabla ya kufunga, muuzaji apige picha ya bidhaa zote zikiwa ndani ya boksi, na nyingine boksi likiwa limefungwa. Picha hizo mbili humaliza ugomvi mwingi, iwe mteja amedai kitu kimepungua au msafirishaji amekana kuharibu.

STOO NA DAFTARI

Kuuza kitu ambacho hakipo ni njia ya haraka ya kupoteza mteja. Muuzaji anayetangaza kwenye mitandao mitatu kwa wakati mmoja anaweza kupokea oda tano za bidhaa iliyobaki moja. Stoo ihesabiwe kila jioni, na tangazo la kilichoisha liondolewe au liandikwe "imeisha".

Hesabu rahisi humsaidia kujua wakati wa kuagiza tena. Iwapo huuza vipande 4 vya sabuni kwa siku, na watengenezaji huchukua siku 10 kutengeneza na kukausha, basi atauza vipande 40 kabla ya mzigo mpya kufika. Akiongeza akiba ya vipande 15 kwa ajili ya siku ambazo mauzo hupanda au watengenezaji hukawia, anapata 55. Stoo ikifika 55, aagize. Akingoja hadi zibaki 10, atakaa siku nyingi bila bidhaa huku tangazo lake likiendelea kuonekana. Bidhaa iliyoingia kwanza itoke kwanza, hasa sabuni, mafuta, asali na vyakula vilivyokaushwa.

Daftari la kutuma halihitaji kompyuta. Safu saba zinatosha: tarehe, nambari ya oda, jina la mteja, mahali, aliyechukua mzigo, nambari ya risiti na hali yake. Hali iandikwe kwa neno moja: "umetoka", "umefika", "umelipwa" au "umerudi". Kila Jumapili muuzaji apitie daftari na kuuliza kuhusu kila mzigo ambao bado umeandikwa "umetoka". Mzigo uliosahauliwa kwenye afisi ya basi kwa wiki mbili huwa mgumu kuupata. Daftari hilo hilo litamwonyesha ni njia gani ina mizigo mingi inayorudi na ni mwendeshaji gani anayeaminika.

MALIPO YALIYO SALAMA

Mzigo usitoke kwa sababu ya ujumbe wa malipo ulioonyeshwa na mteja kwenye simu yake. Ujumbe unaweza kubuniwa au kuhaririwa. Muuzaji aangalie ujumbe uliofika kwenye simu yake mwenyewe kutoka kwa mtoaji wa huduma, kisha ahakikishe salio limeongezeka. Nambari maalumu ya biashara ya kupokelea malipo ni bora kuliko nambari ya kibinafsi, kwa kuwa hutenga pesa za biashara na za nyumbani, na taarifa zake husaidia wakati wa kuomba mkopo.

Bodaboda anayepokea malipo kwa niaba ya muuzaji amwelekeze mteja kulipa moja kwa moja kwenye nambari ya biashara. Pesa taslimu zikipita mikononi mwa watu wawili kabla ya kumfikia mwenye mali, lawama hazikosekani. Nambari ya siri isitolewe kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu.

HAKI ZA MTEJA NA WAJIBU WA MUUZAJI

Biashara ya mtandaoni ni biashara kamili mbele ya sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, kulindwa kiafya, kiusalama na kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inatambua makubaliano yanayofanywa kupitia intaneti. Kwa hiyo bei kamili pamoja na nauli, muda wa kufikisha na masharti ya kurudisha bidhaa yawekwe wazi kabla ya mteja kulipa. Masharti mafupi hutosha: mteja ana siku ngapi za kulalamika, nani hulipa nauli ya kurudisha, na pesa hurudishwa kwa muda gani.

Jina, nambari ya simu na makazi ya mteja vinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Muuzaji anayepiga picha ya mizigo yote ya siku na kuiweka kwenye mitandao ili kuonyesha kwamba biashara inakua, huku majina na nambari za wateja zikisomeka, anawaweka wateja hatarini na anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Data. Lebo ifunikwe kabla ya kupiga picha. Nambari za wateja zitumike kwa oda yao tu, isipokuwa wamekubali kutumiwa matangazo.

Kwa upande wa leseni, Katiba imezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara na leseni zake. Muuzaji mwenye duka, stoo au karakana aulize katika afisi ya kaunti ndogo ni kibali gani kinachomhusu. Bidhaa za kutengenezwa kama sabuni na vyakula vilivyofungwa zinahusika pia na viwango vya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Kuhusu ushuru, wafanyabiashara wanatakiwa na Mamlaka ya Ushuru (KRA) kutoa ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa eTIMS. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa mauzo kuwa asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo yanayozidi Sh1 milioni lakini yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Ushuru huo hutozwa kwenye mauzo, wala si kwenye faida. Katika mfano wa kifurushi cha Sh2,400, asilimia 3 ni Sh72, na faida ya Sh420 inashuka hadi Sh348. Anayekaribia kiwango hicho aziweke hizo Sh72 katika bei tangu mwanzo.

WATEJA WA NG'AMBO YA MPAKA

Kwale imepakana na Tanzania, na mteja wa Tanga yuko karibu na muuzaji wa Lunga Lunga kuliko mteja wa Nairobi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kuvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho hutolewa mpakani. Masharti mengine, kama ukaguzi wa afya ya mimea na vyakula, hubaki pale pale. Muuzaji aende kwanza katika kituo cha mpaka cha Lunga Lunga aulize kama bidhaa yake imo kwenye orodha, kabla ya kupokea malipo ya mteja.

KUTUMA KWA PAMOJA

Nauli ya gunia moja kwa kawaida ni nafuu kuliko nauli ya vifurushi 10 vilivyotumwa kimoja kimoja. Vikundi vya akina mama vinavyotengeneza sabuni na mafuta katika eneo moja vinaweza kupanga siku mbili za kutuma kwa wiki, vifurushi vyao vikiingia katika gunia au katoni moja hadi kwa mtu mmoja wanayemwamini Nairobi, ambaye huvigawa kwa bodaboda za huko. Iwapo gunia la vifurushi 10 hutozwa Sh1,500 na mgawaji akapewa Sh100 kwa kila kifurushi, jumla ni Sh2,500, ambayo ni Sh250 kwa kifurushi, na mteja hufikishiwa mlangoni badala ya kuagizwa aende afisi ya basi. Mteja ambaye haendi popote kuchukua mzigo ana sababu moja pungufu ya kuukataa.

Mpango wa namna hii unahitaji maandishi. Kila kifurushi kiwe na jina la mwenyewe, orodha iende pamoja na gunia, na nakala ibaki kwenye kikundi. Ikubaliwe mapema nani atabeba hasara mzigo ukipotea. Makubaliano hayo hufanyika kwa urahisi kabla ya hasara kutokea, na kwa shida kubwa baada yake.

Wafanyabiashara na vikundi wanaohitaji ushauri kuhusu vibali, viwango na usajili wanashauriwa kufika katika afisi za kaunti ndogo zao zinazoshughulikia biashara. Waende na daftari la kutuma au la mauzo ikiwa wanalo, kwa kuwa maafisa hushauri vyema zaidi wanapoona hesabu zenyewe.